Ukikutana na Kasa Ukiwa Juu ya Kaiti: Mwongozo Kamili wa Wanyama wa Bahari kwa Fukwe za Malindi

Kaiti, lile tanga la hewani linalokuvuta majini ukiwa juu ya ubao, haipigi kelele, na inakwenda kasi. Ukiwa na upepo mzuri ubao wako unafika kilomita 30 au 40 kwa saa bila shida. Kasa naye hukwepa chombo kwa kutegemea macho zaidi kuliko masikio, na kwenye maji ya mchanga mchanga anakuona ukiwa umebakiza mita chache tu. Hapo hana muda wa kuzama, na wewe huna muda wa kugeuza.

Kuna jambo la pili. Maji tunayoyatafuta sisi wacheza kaiti ni yale tambarare, ya kina kifupi, yaliyokingwa na mwamba. Hayo hayo ndiyo yanayoota nyasi za bahari, na kwenye nyasi ndiko kasa wa kijani anakokula. Kwa hiyo ukianzia Mayungu, ukapita mjini hadi fukwe za kaskazini mwa Mambrui, usishangae kukuta kichwa kinachungulia mbele ya ubao. Umeingia jikoni kwake. Mengi ya kuepusha ajali hufanyika nchi kavu, kabla kaiti haijapulizwa, na ndiyo maana nusu ya mwongozo huu unazungumzia mchangani.

Soma msimu, kisha soma maji

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na mara nyingine huburura hadi Oktoba. Katikati ni maleleji, upepo haujui unataka nini, na wacheza kaiti wengi hukaa kivulini wakinywa madafu.

Wanyama nao wana ratiba yao. Wakati wa kusi, hasa Julai hadi mwanzo wa Oktoba, nyangumi wa nundu hupita nje ya mwamba wakitoka maji baridi ya kusini kuja kuzaa na kupandana kwenye maji ya joto. Mkubwa wao hufika mita 15 na kitu. Miezi ya kaskazi ndiyo ya papa shilingi, yule papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, mwenye madoa meupe mgongoni kama sarafu, ambaye hula vijidudu vinavyoelea na hana haja na mguu wako. Kasa wa kijani hutaga karibu mwaka mzima, lakini matuta mengi huonekana kuanzia Machi hadi katikati ya mwaka. Pomboo wapo siku zote.

Halafu kuna Sabaki. Mto huu unamwagikia baharini kaskazini ya mji, na mvua zikinyesha bara unashuka na udongo mwekundu mpaka bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa. Wakati wa kaskazi mkondo unausukuma ule udongo kusini, kuelekea ghuba ya Malindi na hifadhi ya bahari. Wakati wa kusi unapelekwa kaskazini, upande wa Mambrui na Ngomeni. Kabla ya kuchagua ufuo, simama mahali palipoinuka kidogo uone mstari wa maji mekundu umefika wapi. Ndani ya maji hayo huoni kasa, huoni jiwe, huoni samaki taa aliyelala mchangani, na wao hawakuoni. Papa wa aina fulani pia hupenda maji ya tope karibu na midomo ya mito. Na kwenye mdomo wenyewe wa Sabaki kuna viboko, na mamba wako mtoni. Najua picha ya kaiti ikikatiza pale jua likizama ni tamu sana mtandaoni. Usikatize.

Mwisho angalia mwezi. Siku za bamvua maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Maji yakikupwa, ule uwanja wako wa kuteleza unabaki vidimbwi, matumbawe na fuma wenye miiba. Yakijaa, kasa huingia pamoja nayo kulisha kwenye nyasi zilizokuwa kavu asubuhi. Siku za maji mafu mabadiliko ni madogo na mambo hutulia. Kwa anayeanza, na kwa yeyote anayetumia ubao wa foili, ningesema chagua maji mafu au saa za katikati ya maji kujaa. Foili ni chuma kirefu chini ya ubao, kina kingo kali, na mgongo wa kasa hauwezi kushindana nacho.

Salimia wavuvi kabla ya kumwuliza mtu mwingine

Mwalimu wa kaiti atakuambia upepo. Mvuvi aliyetoka baharini alfajiri atakuambia kilichomo. Nenda pale bandarini wanapopakua samaki, tafuta ofisi au kibanda cha BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na uanze na salamu. "Shikamoo mzee, maji yakoje leo?" ni swali zuri kuliko "kuna papa?", kwa sababu ukiuliza papa utajibiwa hapana ili usiogope, na mazungumzo yataishia hapo. Ukiuliza maji utasikia kila kitu: mkondo unavuta wapi, nyavu zimetegwa wapi, yavuyavu wameingia, kuna nyangumi aliyeonekana nje ya mlango wa mwamba.

Swali la nyavu usiliruke. Jarife huelea juu kwa maboya madogo ya plastiki, wakati mwingine chupa tu za mafuta ya kupikia, na ukiwa kwenye kasi huyaoni. Mwambie nahodha utakuwa unacheza kuanzia wapi hadi wapi. Ni mahali pao pa kazi, na kaiti iliyoangukia wavu ni hasara ya watu wawili.

Kipande cha kusini mwa mji, kuanzia maeneo ya Casuarina kuelekea Mayungu, kina Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu. Kuvua humo ni marufuku na kuingia kuna kiingilio. Pitia ofisi ya KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, uulize unaruhusiwa kuendesha kaiti sehemu gani. Usitegemee maneno ya ufukweni, maana kila mtu ana ramani yake.

Unapotandika kaiti

Kasa jike hupanda usiku, huchimba juu ya alama ya maji makuu karibu na vichaka, hutaga mayai kama 100 au zaidi, hufukia na kurudi. Mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili. Njia yake asubuhi inafanana na alama za gurudumu la trekta: mistari miwili ya makasia, yaani miguu yake ya kuogelea, na katikati buruzo la tumbo. Ukiiona, ifuate kwa macho tu. Inakoishia, pale mchanga uliovurugika, ndipo usipotandika kaiti.

Matuta mengine yamewekewa vijiti na kamba na watu wa uhifadhi. Hayo ni rahisi. Tatizo ni yale yasiyo na alama, na sisi wacheza kaiti tuna tabia tatu mbaya kwayo. Tunachota mchanga wa juu kulalia kaiti isipeperuke. Tunagongelea vigingi. Tunaegesha pikipiki na magari juu kabisa, mahali pakavu. Chota mchanga wa chini, ule ulioloweshwa na maji ya leo. Ni mzito zaidi na hakuna yai ndani yake. Kigingi kama ni lazima, kipige chini ya mstari wa mwani uliotupwa na maji.

Kama mnabaki ufukweni hadi giza, zimeni taa. Watoto wa kasa wakitoka huelekea penye mwanga, na kwa asili mwanga huo ni wa bahari. Tochi ya simu na taa ya baa huwapeleka barabarani. Ukiwakuta, zuia mbwa na kaa, acha watembee wenyewe. Kuwabeba hadi majini kunaonekana huruma, lakini wanahitaji ule mwendo.

Ukiwa majini

Kasa hapandi bila dalili. Kwanza utaona maji yanavunjika kidogo mahali ambapo hakuna wimbi, kisha kichwa cha rangi ya kahawia, ukubwa wa ngumi, kinabaki juu sekunde chache na kupotea. Akishapanda mara moja, hesabu kwamba yuko hapo hapo na atapanda tena. Punguza kasi: inua kaiti juu ya kichwa, egemea visigino, pita upande wa chini ya upepo ukiwa mbali naye, na usirudi njia ile ile kwenye mzunguko unaofuata. Hamisha uwanja wako mita 100 au 200. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na haikugharimu chochote. Usiruke juu penye nyasi za bahari. Kutoka hewani huwezi kuchagua pa kutua.

Pomboo ni hadithi nyingine. Wao wanaweza kukujia wenyewe na kuogelea sambamba na ubao. Endelea na njia yako moja kwa moja, kasi ile ile. Usiwazunguke, usiwakate mbele, usipenye katikati ya kundi ambamo huenda kuna mama na mtoto. Wakiondoka, wameondoka. Kuwafuata ndiko kunakowachosha, na mchana wana shughuli zao za kupumzika, wanaolea nusu usingizi.

Nyangumi mara nyingi hubaki nje ya mwamba, ila pale penye mlango anaweza kusogea karibu. Kaa mita 100 angalau, na ukiona ndama ubavuni, zidisha mara tatu. Hoja hapa ni ya usalama wako pia: nyangumi wa nundu huruka, na hatangazi anapotaka kurukia. Papa shilingi hana ukali, lakini huogelea taratibu juu kabisa ya maji, na ubao wako unaweza kumjeruhi. Mwondokee.

Nguva sitarajii umuone Malindi. Wachache waliobaki Kenya huonekana zaidi upande wa visiwa vya Lamu na Kiunga. Ila ukiona mnyama mnene wa kijivu asiye na pezi mgongoni, anakula nyasi za chini polepole kama ng'ombe, simama, tazama, na utoe taarifa siku hiyo hiyo.

Ndege tunawasahau kwa sababu hawako majini. Kaiti ya mita 12 angani, kwao, ni mwewe mkubwa kupita kiasi. Ukipita karibu na kundi la shakwe na membe waliopumzika kwenye fungu la mchanga, wote wataruka, watarudi, utapita tena, wataruka tena, na siku nzima hawajapumzika. Mdomo wa Sabaki ni kituo kikubwa cha ndege wanaosafiri kutoka mbali, wakiwemo heroe. Hii ni sababu nyingine ya kukaa mbali nao.

Kaiti ikianguka

Kamba nne au tano za urefu wa mita 20 na zaidi, nyembamba, zinazoelea ovyo majini: huo ni mtego. Kasa akinaswa shingoni au kwenye kasia hawezi kupanda kupumua, atakufa maji kama mtu.

Ukishindwa kuipandisha kaiti ndani ya dakika chache, usikae ukibahatisha. Fungua kifunguo cha dharura, shika mpini, na zungushia kamba kwenye mpini, kwanza ile moja inayoshika kaiti baada ya kufungua, kisha nyingine zote, ukijivuta hadi kwenye kaiti. Kamba zisipoachwa nje hazimnasi mtu wala mnyama. Na kama kitu kizito kimezinasa na kinavuta, usishindane nacho. Achia yote, pamoja na kamba ya usalama ya kiunoni, uogelee na ubao. Kisha waambie wavuvi kaiti ilipo ili itolewe, maana ikibaki majini itaendelea kunasa.

Miiba, sumu na chupa ya chai

Wengi wanaoumia kwenye fukwe zetu hawajaumwa na mnyama mkubwa. Wamekanyaga kitu. Kwa hiyo vaa viatu. Sandak za plastiki za mia chache sokoni zinafaa vizuri tu.

Kwenye begi weka koleo dogo, bendeji pana, maji safi, sabuni, na chupa ya chai ya kuhifadhi joto iliyojaa maji moto. Hiyo ya mwisho ndiyo dawa kubwa. Sumu ya samaki-jiwe, ya taa na ya samaki wengine wenye miiba hulegezwa na joto. Kama umeisahau, mama chai wa ufukweni anayo sufuria jikoni.

Taa hulala amejifukia mchangani, na anachoma pale tu anapokanyagwa. Unapotembea na kaiti kwenye maji ya magoti, buruza miguu badala ya kuinua. Atahisi mtikisiko na kuondoka. Samaki-jiwe haondoki. Amekaa hapo kama kipande cha mwamba chenye mwani, na maumivu yake humfanya mtu mzima apige kelele. Kwa wote wawili:

1. Toka majini, lala au keti, mwenzako ashike kaiti.
2. Osha jeraha kwa maji, zuia damu kwa kubana.
3. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto ya takriban nyuzi 45, moto unaovumilika usiobabua. Pima kwa mguu *mzima*, kwa sababu ule ulioumia haupimi joto sawasawa na utaungua bila kujua. Ongeza maji yakipoa, dakika 30 hadi 90.
4. Mwiba ulioingia kifuani, tumboni au shingoni usiuchomoe. Funga usitikisike, kimbiza hospitali.
5. Hata maumivu yakipungua, nenda ukaoshwe jeraha vizuri na uchomwe sindano ya pepopunda. Kwa samaki-jiwe usijadili, nenda.

Fuma, yule wa duara mwenye miiba mirefu mieusi, anauma lakini haui. Toa miiba iliyojitokeza kwa koleo, loweka maji moto, usichimbechimbe nyama kutafuta vipande. Wazee watakupaka utomvu wa papai bichi. Sina ugomvi nao, mradi jeraha limeoshwa kwanza na haliko karibu na kiungo au jicho.

Yavuyavu huletwa kwa wingi na upepo unaovuma kuelekea nchi kavu. Osha kwa maji ya bahari, toa nyuzi kwa koleo, kisha maji ya moto dakika 20. Usisugue na mchanga. Habari ya mkojo iache kwa wachekeshaji. Aliyechomwa akianza kuhema kwa shida, kutapika, au kuvimba uso, ni hospitali.

Nyoka wa bahari mweusi mgongoni, manjano tumboni, wakati mwingine hutupwa mchangani akiwa amechoka. Anaonekana amekufa. Usimguse hata kwa mti. Akimuuma mtu, huenda asihisi maumivu mengi mwanzoni, na hapo ndipo hatari: mlaze, zungushia bendeji pana kiungo kizima, kisitikisike, usikate wala kunyonya, mpeleke. Na konokono wa bahari mwenye gamba zuri lililochongoka kama pia, akiwa hai, ana mshale wa sumu unaoweza kuua mtu. Usimwokote, na hasa usimtie mfukoni mwa kaptura.

Mnyama aliyekwama

Ukimkuta kasa ufukweni mchana, chukulia ni mgonjwa au amechoka. Jambo la kwanza kila mtu analotaka kufanya ni kumrudisha baharini. Usifanye hivyo. Kasa dhaifu ukimtupa majini atazama afe. Mwekee kivuli, mfunike mgongo na kitambaa kilicholowa bila kuziba pua, ondoa watu na mbwa. Usimgeuze chali, usimvute makasia, usimpe maji wala chakula. Akiwa na ndoana mdomoni au kamba iliyozama ndani ya nyama, usiivute. Kata ile inayoning'inia nje, uache urefu kidogo. Anayeelea juu asiyeweza kuzama mara nyingi tumbo lake limejaa gesi au plastiki, naye pia ni mgonjwa.

Kisha piga simu KWS. Shirika la Local Ocean Conservation lililoko Watamu, lililoanza mwaka 1997 kama Watamu Turtle Watch, lina kituo cha kutibu kasa, na wavuvi wa huku wamezoea kuwaita kasa anaponaswa. Namba zao ziwe kwenye simu yako kabla hujaenda ufukweni.

Pomboo au nyangumi mdogo aliyekwama hupumua kwa tundu la juu ya kichwa. Liache wazi, lisiingie maji wala mchanga. Mlowanishe ngozi, mtilie kivuli, chimba mashimo chini ya mapezi yake yapumzike, nyamazeni. Usimvute mkia hata kama kijiji kizima kiko tayari na kamba. Uti wa mgongo unateguka. Mkia wenyewe unaweza kumvunja mtu mguu, kwa hiyo kaa ubavuni. Akiwa amekufa usikate jino wala nyama. Kuwa na kiungo cha mnyama aliyelindwa ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na magonjwa yake yanaweza kukupata.

Na sili je?

Wageni wanaotoka Cape Town huuliza sana, kwa sababu kule sili na mcheza kaiti ni majirani. Pwani yetu haina makoloni ya sili (seal kwa Kiingereza). Wengi wao ni wanyama wa maji baridi. Lakini walimu wetu nao huenda kufanya kazi huko miezi ya Desemba na Januari, basi wajue hili: mwaka 2024 Afrika Kusini ilithibitisha kichaa cha mbwa kwa sili wake. Sili anayekufuata kwa ukali majini si mchezo. Toka. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, na uende ukachanjwe siku hiyo hiyo, bila kungoja dalili. Na ikitokea siku moja mnyama kama huyo amelala mchangani Malindi, shika umbali wa mita 50, funga mbwa, piga simu KWS.

Taarifa unayotoa

"Nimeona kasa mkubwa" haimsaidii mtu. Andika saa, mahali (tuma alama ya ramani kutoka kwenye simu), hali ya maji, mnyama alikuwa akifanya nini, na piga picha kutoka ubavuni bila mwanga wa flashi. Kwa nyangumi, picha ya chini ya mkia ndiyo ya thamani, kwa sababu rangi na makovu yake humtambulisha mmoja mmoja. Kwa droni tafuta kibali kwanza. Kwa kasa, tazama makasia ya mbele: akiwa na kibati kidogo cha chuma, soma herufi na namba zilizochongwa juu yake, zipige picha, na kibati kiache hapo hapo kilipo.